Mgonjwa wa Zoezi

Ng'washi alikuwa hajawahi kulazwa hospitali hata siku moja. Kila alipojifungua alikuwa amerudi jikoni kabla majirani hawajamaliza kuja kumpongeza, na malaria ikimpata alimeza vidonge huku mkono mwingine ukikoroga uji. Kwa hiyo Salvatory, afisa afya aliyetumwa kutoka wilayani, alipokuja kumwomba awe mgonjwa, alicheka mpaka ikabidi aweke upawa chini.

Salvatory hakuwa anatania. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa kumezuka ugonjwa wa virusi, ule wa homa kali na kutoka damu, na redio ilikuwa haina habari nyingine. Simiyu hapakuwa na mgonjwa hata mmoja, lakini serikali ilitaka watu wajiandae kabla mambo hayajaharibika. Stendi ya Bariadi walishaweka wahudumu wa kupima abiria joto, ndoo za koki zilishafungwa mbele ya maduka, misikiti na makanisa, na hema la kutengea wagonjwa lilishasimamishwa. Kilichobaki ni zoezi. Mtu ajifanye mgonjwa kijijini, simu ipigwe, gari lije, wahudumu wenye mavazi ya kujikinga wamchukue, na wakubwa wasimame pembeni waone kama kila mmoja anajua kazi yake. Kijiji kilichochaguliwa kilikuwa kimoja cha kata ya Nkoma, na mgonjwa aliyechaguliwa alikuwa Ng'washi.

Mtendaji wa kijiji aliyempendekeza alikuwa na sababu. Kila Ijumaa Kuu, wanakwaya wanapoigiza mateso, Ng'washi ndiye anayelia pale njiani, na hulia mpaka wazee wa kanisa wanaanza kutafuta leso. Mtu wa namna hiyo, mtendaji alisema, hawezi kushindwa kuugua kwa nusu saa.

Kwa watu wa pale, hata hivyo, kilio chake kilikuwa cha mara moja kwa mwaka. Siku zote nyingine alikuwa mama wa uji. Msimu wa pamba unapofunguliwa, wakulima hufika kwenye ghala la ushirika alfajiri na mikokoteni yao ya ng'ombe, na mzani hauanzi kazi mpaka jua liwe limepanda. Hapo katikati ndipo Ng'washi alipokuwa na nafasi yake. Alipika uji wa mtama wenye karanga, akauuza na matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, kukatwakatwa na kuanikwa hadi vikauke. Kila kikombe alikikabidhi kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo, awe anampa mzee au kijana aliyemwona akizaliwa. Wengine walikuwa wakipika uji mzuri vilevile, lakini foleni ilikuwa kwake. Mumewe Limbu alikuwa na ng'ombe wake wachache na maneno machache zaidi, na nyumba yao ilijulikana kwa uji, si kwa ng'ombe.

Jirani yao wa karibu alikuwa Specioza, mke wa Joakim, karani wa ushirika. Joakim alimwoa kutoka huko ng'ambo ya ziwa, akamleta Nkoma akiwa hajui neno la Kisukuma wala jinsi ya kusonga ugali wa mtama. Ng'washi ndiye aliyemfundisha vyote viwili, na kwenye ugali alifaulu zaidi. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na ua wa minyaa wenye uwazi, na uwazi huo waliutoboa wao wenyewe kwa kupitapita kuombana moto na chumvi. Jikoni kwa Specioza kulikuwa na kikombe cha bati cha bluu ambacho hakikupewa mgeni. Walikinywea watu wa nyumba ile, na Ng'washi.

Siku ya zoezi Ng'washi alitandika mkeka mbele ya mlango wake, akalala, akajifunika kitenge, akaanza kuugua. Aliugua vizuri. Precious, muuguzi kijana wa zahanati, alipiga simu kama alivyoelekezwa, na baada ya muda gari la wagonjwa lilikuja likipiga king'ora. Wakashuka watu wanne waliovaa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni, nyuso hazionekani, wakaweka machela chini. Ng'washi akaongeza sauti.

Kosa lilikuwa limeshafanyika kabla ya hapo, na lilikuwa kosa dogo tu. Taarifa ya zoezi ilitolewa kwenye mkutano wa kijiji, lakini mkutano uliitishwa siku ya mnada wa ng'ombe, na siku ya mnada wanaume wa Nkoma hawapo. Sayi, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, siku hiyo alikuwa mnadani anashindana na mnunuzi juu ya dume lake. Hakusikia habari ya zoezi wala ya mavazi meupe. Alichokiona, akipita njiani na fimbo yake, ni watu wasio na sura wanamfunga Ng'washi kwenye kitanda na kumpakia garini huku anapiga kelele.

Sayi akapiga mwano. Mwano ni yowe la hatari, na asiyekulia kwa Wasukuma hawezi kujua uzito wake. Ukipigwa, mwanamume anaacha alichoshika, anachukua fimbo, anakimbilia unakotoka. Asiyetokea analipishwa mbuzi au zaidi, na akikaidi anatengwa, hapewi hata kaa la moto. Kwa hiyo hakuna aliyesimama kuuliza. Walitoka mashambani, walitoka ghalani wakaacha pamba kwenye mzani, walitoka vilabuni wengine wakiwa si wakimbiaji wazuri tena. Walilizunguka gari, na waliofika kwanza wakamshika mgonjwa.

Ng'washi alivutwa mkono mmoja na wanaume wa kijiji na mwingine na wahudumu. Alipiga kelele kwamba ni zoezi, kwamba yuko mzima, kwamba wamwachie. Lakini alikuwa ameshapiga kelele kwa ufundi kwa muda mrefu mno, na hakuna aliyeona tofauti kati ya zile za mwanzo na hizi. Mpaka Salvatory alipopata kipaza sauti na mtendaji alipofika akihema, hapakuwa na mwanamume mwenye nguvu pale ambaye hakuwa amemgusa.

Wakubwa waliotoka mkoani walikuwa wanaangalia. Salvatory alikuwa mtu wa kazi, tena kijana mwenye kupenda kazi yake ionekane, akaamua zoezi lisife. Alitangaza kwamba ikiwa mgonjwa angekuwa wa kweli, wote waliomgusa sasa wangekuwa hatarini, na kwa hiyo wataonyeshwa kinachofanyika. Wanaume wakapangwa mstari, wakanawishwa klorini mpaka viwiko, fimbo zao na viatu vyao vikanyunyiziwa. Wakaambiwa kila asubuhi wapite zahanati Precious awapime joto, iwe mazoezi kwake na kwao. Nyumba ya Ng'washi ikapigwa dawa ndani na nje. Yeye mwenyewe akapelekwa mpaka hemani Bariadi, akapewa soda, akashukuriwa na watu wa maana, akarudishwa jioni kabla kuku hawajalala. Kwa upande wa serikali lilikuwa somo zuri, na bila shaka liliandikwa vizuri.

Mke wa Sayi hakusoma kilichoandikwa. Yeye alimwona mumewe akiingia ndani ananuka klorini, akamuuliza kulikoni. Sayi akamweleza kwamba lilikuwa igizo tu. Mke akataka kujua, kama ni igizo, kwa nini amenyunyiziwa dawa. Ng'ombe hawapelekwi josho kama hawana kupe, mke alisema, na serikali haimwagi dawa yake bure. Maneno hayo yalikuwa na akili ndani yake, ndiyo maana yalizunguka kijiji kizima kabla ya giza kuingia.

Siku iliyofuata ya kupima pamba Ng'washi alibandika sufuria lake mahali pale pale. Watu walifika na mikokoteni. Walimsalimu, kwani hakuna aliyesahau adabu. "Mwangaluka mayu," walisema, na walisema wakiwa upande wa pili wa barabara. Mmoja alikuwa amekula nyumbani. Mwingine tumbo lilikuwa linamsumbua. Wa tatu alijipapasa mifukoni, akasema atarudi, na Ng'washi akamwona anakunywa uji wa mwanamke mwingine, uji mwepesi ambao siku zote alikuwa akiucheka. Angetukanwa ingekuwa afadhali, maana tusi angeweza kulijibu. Mchana uji ulikuwa umeganda sufuriani, akaurudisha nyumbani kichwani, kuku wakala wakashiba.

Limbu, ambaye hakuwa na maneno, alijaribu kusaidia kwa njia yake. Akaenda ghalani, akakaa mbele ya watu wote, akanywa vikombe vitatu mfululizo. Watu wakamwangalia kwa huruma. Huyu naye, walisemezana, si analala naye chumba kimoja, ana nini tena cha kuogopa.

Ng'washi akaenda kwa Precious, Precious akampigia Salvatory, na Salvatory, ambaye kwa kweli aliumia, akaja siku hiyo hiyo na gari lenye spika. Akapita kijiji chote akitangaza kwamba mama huyu hana ugonjwa wowote, hajawahi kuwa nao, na ugonjwa wenyewe haujaingia mkoani. Alitangaza kwa Kiswahili, na dereva wake akarudia kwa Kisukuma. Watu walisikiliza kwa makini. Jioni swali likawa moja kila nyumba: kama Ng'washi hana kitu, serikali imechoma mafuta yote yale kuja kutuambia nini? Wengi wa majirani, hata walio wazima kabisa, hawajawahi kutangaziwa na gari kwamba ni wazima. Baada ya hapo Ng'washi hakuomba msaada tena.

Aliendelea kupika. Kila siku ya mzani alibandika, akakaa, akarudi na sufuria. Limbu alimshauri apumzike mpaka msimu ujao, akamjibu kwamba akiacha watasema ameshazidiwa. Lililomuuma halikuwa uji wenyewe. Alikuwa mtu ambaye mikono yake ilijulikana. Watoto wa nusu ya kijiji alikuwa amewapokea, maiti za wanawake alikuwa ameziosha, na sasa mikono hiyo ilikuwa kitu cha kukwepwa. Aliwaza hivyo kila aliponawa, na alinawa sana siku hizo, kama vile naye ameanza kusadiki.

Specioza alimpa moyo mwanzoni. Alimwambia watu watasahau, wape muda. Lakini ule uwazi kwenye minyaa ukawa haupitwi kutoka upande wa pili. Watoto wa Specioza, waliokuwa wakija kukombeleza sufuria, wakawa wana kazi nyingi ghafla. Ng'washi aliona, akajizuia kuona.

Siku moja alikuwa anarudi kutoka ghalani, jua kali, sufuria zito kichwani kwa sababu lilikuwa limejaa. Akapita kwa Specioza, akatua mzigo, akaomba maji ya kunywa. Specioza aliingia ndani, akakawia. Alipotoka alikuwa ameshika mkebe, kopo la zamani la mafuta ya kupikia ambalo siku zote lilikaa bandani kwa ajili ya pumba za kuku. Alikuwa amelisugua likang'aa. Ng'washi akanywa, kwani kiu ilikuwa ya kweli. Alipotaka kulirudisha, Specioza akaweka mikono nyuma.

"Chukua tu, dada," alisema. "Utalitumia."

Ng'washi alilichukua. Alifika nyumbani, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakulitumia kwa kitu chochote. Limbu alilisogeza mara moja akitafuta shoka, na alivyojibiwa hakuligusa tena.

Haukupita muda mrefu, Specioza akapata simu kwamba baba yake mzazi amefariki. Akasafiri kwenda kwao ng'ambo ya ziwa, akiwaacha watoto na shemeji yake. Joakim hakuweza kumsindikiza, maana ushirika ulikuwa umempeleka Maswa kusimamia pamba iliyokuwa inapelekwa kuchambuliwa kiwandani. Specioza alizika, akamaliza matanga, akarudi. Stendi ya Bariadi walimpima joto kama walivyopima kila abiria, wakamkuta yuko sawa, wakampa karatasi yenye namba ya kupiga akijisikia vibaya. Shemeji akarudi kwake, maisha yakaendelea.

Halafu asubuhi moja Ng'washi akaona jiko la Specioza halitoi moshi. Mchana halikutoa. Watoto walikuwa wamekaa ukutani kwenye kivuli, hawachezi. Aliwauliza kutoka kwenye minyaa, na mkubwa wao akasema mama amelala, ana homa, anatapika, amekataza mtu yeyote asiingie na amekataza wasimwambie mtu.

Ng'washi alifurahi. Ni vizuri kusema mambo yalivyokuwa. Kwa muda mfupi, amesimama pale na ufagio mkononi, furaha ilimpanda kifuani, naye aliijua ni furaha ya nini. Aliona gari likija na watu weupe wakishuka kwa Specioza. Aliona wanawake wakimsalimu kutoka upande wa pili wa barabara. Kisha mtoto mdogo akauliza kama uji upo, na furaha ile ikaondoka ikamwacha na aibu.

Aliwaambia watoto wakae pale pale, wasiingie ndani. Yeye akavuka kwenye uwazi, akazunguka mpaka dirisha la chumba, akasimama mbali kidogo, kama alivyoona wahudumu wanavyosimama siku ile alipokuwa yeye mkekani. Akaita. Sauti iliyomjibu ilikuwa ndogo, meno yanagongana. Specioza alisema ni malaria tu, itapita. Ng'washi akamwambia huenda ni malaria, yeye si daktari, lakini Specioza ametoka alikotoka, na ana watoto ndani ya nyumba. Karatasi aliyopewa stendi iko wapi? Specioza akaanza kulia.

"Dada, usiwaite," alisema. "Nakuomba. Niliona walivyokufanya."

"Wa gari hawakunifanya kitu," Ng'washi alisema. "Wa gari walinirudisha jioni ileile."

Ng'washi hakuwa amepanga kusema hivyo, lakini lilikuwa limekaa kooni tangu siku ya mkebe, na lilipotoka alijisikia mwepesi. Aliongeza kwa sauti ya chini kwamba watoto atawaangalia yeye, na kwamba ataenda kumwambia Precious sasa hivi, akubali asikubali.

Precious alisikiliza, akapiga simu. Akasema gari litafika. Ng'washi hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alikwenda kwa Sayi, akamkuta anakata miti ya zizi, akamweleza yote. Sayi akasema amesikia, hatapiga mwano. Ng'washi akamwambia asipopiga yeye atapiga mwingine, maana wanaume wakiona wale watu weupe tena watakimbia bila kuitwa. Anachotaka ni apige yeye mwenyewe, sasa, kabla gari halijafika, awapange wanaume kwenye njia, wasimame mbali na nyumba na wasimruhusu mtu kupita.

Sayi akajikuna kichwa. Toka azaliwe, alisema, mwano ni wa kukimbilia. Hajawahi kusikia mwano wa kuwaita watu waje wasimame.

"Mbuzi mnamlipisha asiyekuja," Ng'washi alisema. "Leo mlipisheni atakayevuka minyaa."

Hapo Sayi akaelewa. Lugha ya mbuzi aliijua vizuri kuliko ya Salvatory. Akapiga mwano, wanaume wakaja wakikimbia, akawasimamisha njiani kwa fimbo yake na kuwatangazia faini mpya. Wakalalamika kidogo, kisha wakajipanga pande zote mbili, fimbo zimelazwa njiani. Gari lilikuja bila king'ora. Salvatory naye alikuwa ameshajifunza. Wahudumu walishuka, wakavaa, wakaingia. Specioza alitoka akitembea mwenyewe, ameshikwa pande mbili, kanga imemfunika kichwa. Hakuna aliyemgusa, na hakuna aliyelipa mbuzi.

Watoto walipimwa, wakaambiwa wabaki nyumbani kwao mpaka majibu yatoke. Joakim alikuwa bado amebanwa na pamba huko Maswa. Shemeji wa Specioza akasikia habari, akasema atakuja, na hakuja. Ng'washi akaweka jiwe bapa kwenye uwazi wa minyaa. Kila asubuhi, mchana na jioni aliacha chakula juu ya jiwe, akarudi nyuma, watoto wakaja wakachukua. Siku ya kwanza ilikuwa uji. Walikunywa mpaka wakakombeleza sufuria kwa vidole, na yeye akawaangalia akiwa upande wake, akalia kilio ambacho hakikuwa cha Ijumaa Kuu. Ukimtoa Limbu, walikuwa watu wa kwanza kula cha mkono wake tangu zoezi.

Sampuli ilipelekwa ilikopelekwa, majibu yakarudi. Ilikuwa malaria, kali, lakini malaria. Kwa vile alikuwa amefikishwa mapema, dawa zilimshika vizuri. Precious alikuja mbio kuwaambia watoto, akaingia mpaka ndani akawakumbatia, na wale waliokuwa wanapita njiani walimwona akifanya hivyo wakaamua yeye ni muuguzi, kazi yake hiyo.

Specioza alirudishwa siku ya mzani, wakati foleni ya mikokoteni ikiwa ndefu. Gari lilimshusha barabarani, mkabala na ghala. Amekonda, nguo zinamning'inia, ameshika mfuko wenye vidonge. Watu walimwona. Walimpa pole, wote, kwa sauti ya kusikika, wakiwa upande wa pili wa barabara. Joakim alikuwa bado yuko njiani kutoka Maswa. Specioza alisimama kidogo kama mtu anayesubiri kitu, kisha akavuka kwenda kwake peke yake, akakaa kwenye kigoda mbele ya mlango, watoto wakamzunguka.

Ng'washi aliyaona yote kutoka kwenye sufuria lake. Aliijua ile pole ya mbali, alikuwa ameizoea kwa muda mrefu. Alifunika uji, akaenda nyumbani, akachukua mkebe kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakupita kwenye uwazi wa minyaa. Alizunguka kwa barabarani, mbele ya foleni nzima, mkebe mkononi, na mazungumzo kwenye mikokoteni yakapungua kadiri alivyokuwa anapita. Hata karani wa mzani aliacha kusoma uzito.

Alimsalimu Specioza, akamsalimu kwa urefu wake, kama wanavyosalimiana watu wasioonana siku nyingi. Kisha akasema ana kiu, anaomba maji.

Specioza aliinuka kwa shida, akaingia ndani. Akatoka na chupa ya maji ya dukani, mpya, kifuniko hakijafunguliwa. Alikuwa ameitoa huko hospitali, na alikuwa ameitunza kwa ajili ya mgeni wa kwanza, ili asipate hofu. Aliinyoosha akiwa ameangalia chini.

Ng'washi hakuipokea.

"Nimekuletea mkebe wako," alisema. "Maji nipe kwenye kikombe."

Specioza akauchukua mkebe. Aliuangalia, akaugeuza. Aliingia ndani na kukaa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuchota maji, na watoto wakamsikia akipenga kamasi. Alipotoka alikuwa na kikombe cha bluu, kimejaa mpaka ukingoni. Ng'washi alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akanywa yote bila kupumzika, shingo imenyooka, foleni ya pamba ikimwangalia. Akakirudisha, akaomba kingine, akanywa na hicho.

Specioza alikaa tena kwenye kigoda. Alijifuta macho kwa pindo la kanga, akatazama kule ng'ambo ya barabara, kwenye jiko la mawe matatu na sufuria lililofunikwa.

"Dada," aliuliza, kwa sauti ya kuwafikia walio kwenye mikokoteni, "uji wa leo umebaki?"

Ulikuwa umebaki sufuria zima.